Viti Vitupu Katika Kamati za Michezo

Kakamega ni mji wa michezo. Hapa ndipo ulipo uwanja wa Bukhungu, na ndipo Green Commandos wa Kakamega School walipojijengea sifa ya soka. Mji wa namna hii hauna budi kuuliza: katika kamati za michezo za vyuo, mchezaji husemewa na nani?

Kiti cha mwanafunzi huwa wazi kwa sababu isiyo na siri: mwenye kiti huhitimu na kwenda zake. Asipochaguliwa mrithi, waliosalia huamua juu ya fedha za safari na sare, kisha kumbukumbu za mkutano huandikwa "tumekubaliana". Wingi huo ni wa uongo. Neno "mwakilishi" lina asili moja na "wakili", yaani aliyekabidhiwa jambo na wengine. Je, anayeteuliwa faraghani amekabidhiwa na nani?

Basi nafasi itangazwe kabla mhitimu hajaondoka, na manahodha wa timu zote, netiboli kadhalika, wapige kura. Ikumbukwe pia kanuni ya Katiba ya 2010, kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Wahenga walinena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.