Kwa nini namba ya simu hugeuka kwenye kioo

Ujumbe wa simu unaotumwa kutoka Bidbid, wilaya ya Oman iliyo kwenye barabara ya Muscat kuelekea Nizwa, unaweza kuwa na lugha mbili katika mstari mmoja.

Kiarabu ndiyo lugha rasmi ya nchi hiyo, lakini Kiswahili bado husikika majumbani, hasa katika familia zilizotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na nyingine zilizorejea baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970.

Mchanganyiko huo huitia simu katika kazi ngumu: kujua kila herufi iko mahali gani kwenye kioo.

Kupima kila umbo

Ndani ya simu, herufi huhifadhiwa kwa mfuatano ule ule zilivyoandikwa. Kabla ya kuzionyesha, programu hupima upana wa kila umbo, huamua mstari ukatike wapi, kisha hupata umbali wa kila herufi kutoka ukingoni na kutoka juu. Kwa vipimo hivyo, mtu agusapo neno, simu hutambua ni herufi ipi iliyoguswa.

Kwa herufi za Kilatini hesabu hiyo si nzito. Kiarabu huandikwa kutoka kulia, na umbo la herufi hubadilika kulingana na mahali ilipo katika neno. Lam na alif zikifuatana huungana kuwa umbo moja, hivyo herufi mbili za kwenye kumbukumbu hukaa mahali pamoja kwenye kioo.

Pale lugha mbili zinapokutana, nukta moja ya maandishi huwa na mahali pawili kwenye kioo. Ndiyo maana mfumo wa Android una amri mbili za kuuliza mahali pa herufi.

Namba kugeuka

Athari zake huonekana zaidi katika namba. Mtu akiandika kwa Kiswahili "Mpigie", kisha jina kwa herufi za Kiarabu, kisha 1234 5678, kanuni za Unicode huichukua namba kuwa sehemu ya maandishi ya Kiarabu. Msomaji huona 5678 1234, tena kabla ya jina.

Kumbukumbu ya simu haikukosea. Lakini anayeinakili namba hiyo kwenye karatasi, au kuiandika upya ili atume fedha, anaweza kumfikia mtu mwingine kabisa. Katika maandishi ya Kiarabu, hata alama ya kujumlisha iliyo mbele ya 968, namba ya Oman, inaweza kuhamia upande wa pili.

Dawa yake

Watengenezaji wa programu wanaweza kuitenga namba kwa alama zisizoonekana, zilizoongezwa katika toleo la Unicode la mwaka 2013. Alama hizo huilinda namba isivutwe na maneno yaliyo jirani yake.

Kwa mtumiaji wa kawaida, njia rahisi ni kuandika tarakimu zote bila kuacha nafasi, kwani tarakimu zilizoshikana hazipanguki. Aliyepokea ujumbe naye ni salama zaidi akiinakili namba kwa kuigusa kwenye simu, badala ya kuisoma kwa macho na kuiandika upya.