Mshahara na Mizani: Biashara Inayokua Ichague Mfumo Gani?

Biashara inayokua mjini Migori, iwe duka la vifaa vya ujenzi Suna Mashariki, tanuri la mikate Suna Magharibi au msafirishaji mwenye malori katika barabara ya Kisii hadi Isebania, hufika siku ambayo daftari na jedwali la Excel havitoshi tena. Wauzaji huja na programu za aina mbili. Moja ni ya rasilimali watu: mikataba, mahudhurio, likizo na mishahara. Nyingine, ambayo wauzaji huiita ERP, hushika biashara nzima: stoo, manunuzi, mauzo, uhasibu na mara nyingi mishahara pia.

Asili zake ni tofauti. ERP ilitoka kiwandani. Mwaka 1964, nchini Marekani, Joseph Orlicky alibuni mbinu ya kuanza na bidhaa zitakazohitajika, kisha kuhesabu kurudi nyuma hadi vipuri na siku ya kuviagiza. Uhasibu na mauzo vikaongezwa baadaye, na mwaka 1990 kampuni ya Gartner ikaupa mkusanyiko huo jina la ERP. PeopleSoft, iliyoanzishwa mwaka 1987, ilijijengea sifa upande wa wafanyakazi kabla ya kununuliwa na Oracle mwaka 2005.

Ugumu wa mishahara uko kwenye tarehe. Nchini Kenya, tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ilianza mwaka 2023, ikabatilishwa mahakamani, ikarudi kwa sheria mpya Machi 2024. Mfuko wa bima ya afya, SHIF, ulichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato. Mwishoni mwa Desemba mwaka huo mpangilio wenyewe ukageuka: SHIF na tozo ya nyumba sasa huondolewa kwanza, ndipo kodi ya PAYE ikokotolewe. Februari 2025, kikomo cha mshahara unaokatwa akiba ya uzeeni ya NSSF kikapanda kutoka shilingi 36,000 hadi 72,000.

Mfanyakazi wa shilingi 60,000 kwa mwezi anaonyesha jinsi kanuni hizi zinavyosukumana. Januari 2025 NSSF ilimkata asilimia 6 ya 36,000, yaani 2,160. Februari ilimkata asilimia 6 ya mshahara wote, yaani 3,600. Nyongeza ni 1,440, lakini mfukoni hakupungukiwa 1,440. Kwa kuwa NSSF hutolewa kabla ya kodi, kiasi kinachotozwa kodi kilishuka kwa 1,440 hiyohiyo, na sehemu yake ya juu hutozwa asilimia 30. PAYE ikapungua kwa 432, kutoka 8,970.35 hadi 8,538.35. Alichopeleka nyumbani kilitoka 46,319.65 hadi 45,311.65, tofauti ya 1,008. Mkataba haukuguswa na mshahara ni uleule, ila mwezi mmoja umebadilisha tarakimu tatu, na kila moja ina sababu yake.

Programu nzuri ya mishahara haifuti kanuni ya zamani ili kuandika mpya. Kila kanuni huhifadhiwa pamoja na siku ilipoanza na siku ilipokoma, kisha programu huuliza malipo ni ya mwezi gani kabla ya kuchagua ya kutumia. Kosa la Januari likigunduliwa Machi, hesabu hurudiwa kwa kanuni za Januari. Jedwali ambalo karani amebadilisha 36,000 kuwa 72,000 katika kisanduku kimoja limeshasahau Januari kabisa.

Hata hivyo, hesabu hiyo yote ikishakamilika, kinachofika kwenye leja kuu ni mistari michache: gharama ya mishahara, deni la mamlaka ya kodi, KRA, deni la NSSF, deni la SHIF na tozo ya nyumba, na fedha za kuwalipa watu. Hufika mara moja kwa mwezi. Bidhaa hazina subira hiyo. Mfuko mmoja wa saruji ukiuzwa kwa mkopo, papo hapo stoo hupungua, mauzo huongezeka, deni la mteja huandikwa na ankara hupelekwa eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA. ERP hufunga maandishi ya ndani katika muamala mmoja: yote yaingie au lisiingie hata moja, hata umeme ukikatika katikati.

Idara mbili za biashara ni kama ng'ambo mbili za Mto Migori. Anayevuka mara moja kwa mwezi na kifurushi kidogo anatoshwa na mtumbwi. Mpiga kasia ndiye mhasibu anayenakili mistari michache kutoka programu moja hadi nyingine. Anayevuka kutwa na mizigo atasubiri, atamwaga na atabishana kuhusu kilichozama. Huyo ajenge daraja, ingawa daraja ni ghali na ujenzi wake husumbua pande zote mbili.

Kwa hiyo swali la kwanza ni mara ngapi taarifa za upande mmoja huhitajika upande wa pili, na idadi ya wafanyakazi huja baadaye. Shule ya kibinafsi au kampuni ya ulinzi, ambayo karibu gharama yake yote ni watu, inafaa kuanza na programu ya rasilimali watu. Duka la jumla lenye wafanyakazi 15 na bidhaa 3,000 linaihitaji ERP mapema zaidi.

Miwa ya Awendo, kaskazini mwa Suna, inachanganya pande zote. Wakataji hulipwa kwa tani, hivyo mizani inayopima mzigo ndiyo pia daftari la kazi yao. Uzito huohuo hutoa malipo ya mkulima, baada ya kukatwa gharama za kuvuna, usafiri na deni la mbolea. Mshahara unapozaliwa na mzigo, mfumo mmoja unafaa tangu mwanzo.

Kabla ya kulipia, mnunuzi ahakikishe kwamba makato ya Kenya husasishwa na muuzaji, kwamba taarifa zinaweza kutolewa zote akihama, na kwamba zinatunzwa kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.