Kabla hujasajili RAM Kariakoo, kagua kikosi ulichonacho

MECHI ikiisha Uwanja wa Benjamin Mkapa, nyingine huanza mtaani. Mashabiki wakirudi Tandika, Mtoni na Mbagala, utawakuta vijana wamejikusanya barazani, laptop moja katikati, pedi mbili mkononi. Ukivuka kwenda upande wa Kinondoni, kule Tandale na Mwananyamala, hali ni hiyo hiyo. Anayefungwa anampisha mwenzake, na siku nyingine soda inamhusu.

Raha hiyo huharibiwa na jambo moja. Bao ni 1-1, dakika ya 88, kona inapigwa, picha inaganda. Ikirudi, mpira uko wavuni na aliyefungwa hakubali. VAR hakuna. Ugomvi unaanzia hapo.

Ushauri wa mtaani huwa ni mmoja: ongeza RAM. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini wapo waliotumia akiba ya miezi kadhaa, wakarudi nyumbani na gemu likaendelea kuganda vile vile. Tatizo si RAM kuwa mbovu. Wamesajili mchezaji bila kuangalia kikosi kinahitaji nani.

KWA NINI INAGANDA
RAM ni mahali ambapo kompyuta inaweka vitu inavyovitumia kwa wakati huo: uwanja, wachezaji, sauti ya mtangazaji. Laptop nyingi za bei nafuu ni mtumba wa ofisini, na nyingine bado zina GB 4. Windows inachukua sehemu yake. Kisha kompyuta hizi hazina kadi ya picha inayojitegemea, hivyo picha nazo zinamegewa kutoka kwenye RAM hiyo hiyo.

RAM ikijaa, kompyuta inahamishia baadhi ya vitu kwenye diski. Diski ya zamani inayozunguka ni nzito mno kwa kazi hiyo, na ndipo kona inapoganda. Kwa mashine ya aina hii, kutoka GB 4 kwenda GB 8 ni usajili wenye tija. Unaonekana siku ya kwanza.

PALE RAM ISIPOSAIDIA
Tatizo ni pale kijana anapotaka gemu jipya. EA Sports FC 24, lililotoka Septemba 2023 baada ya EA kuachana na jina la FIFA, linataka RAM isiyopungua GB 8, na kinachopendekezwa ni GB 12. Lakini linataka pia kadi ya picha ya daraja la GTX 1050 Ti yenye GB 4 zake yenyewe. Laptop ya ofisini haina kitu hicho. Hata ukiijaza GB 16, ni sawa na kuongeza viungo kwenye timu isiyo na straika.

Mwenye laptop hiyo hajakosa gemu la kucheza. PES 2017 lilitengenezwa kwa mashine ndogo, kiwango chake cha chini cha RAM kikiwa GB 1 tu. Kwenye GB 8 halitalalamikia RAM. Ndiyo maana gemu hilo la mwaka 2016 bado lina wapenzi.

MAMBO MANNE YA KUKAGUA
La kwanza, nafasi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, kisha Memory. Penye maneno Slots used utaona nafasi ngapi zimetumika kati ya zilizopo. ThinkPad X240 ina nafasi moja tu, hivyo kuongeza maana yake ni kutoa iliyopo na kuweka kubwa zaidi. ThinkPad X1 Carbon imeunganishiwa RAM yake kwenye bodi moja kwa moja. Hiyo haiongezeki, fundi asikudanganye.

La pili, aina. DDR3 na DDR4 haziingiliani, hata pengo la kuchomekea limekatwa mahali tofauti. Jina la laptop pekee halitoshi: HP EliteBook 840 G1 inatumia DDR3L, wakati 840 G3 inatumia DDR4. Ukifika dukani ukasema "nataka ya EliteBook 840", unaweza kuuziwa isiyoingia.

La tatu, Windows yenyewe. Ikiwa ni ya biti 32, haivuki GB 4 hata uweke ngapi. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya This PC, chagua Properties, usome kama ni 32 au 64.

La nne, pacha. Kwa mashine isiyo na kadi ya picha yake, RAM mbili za GB 4 zinazofanana hucheza gemu vizuri kuliko moja ya GB 8, kwa sababu zinafanya kazi kwa pamoja kama mabeki wa kati waliozoeana.

SIKU YA KWENDA KARIAKOO
Mitaa ile ile inayowagawa watu wa Msimbazi na Jangwani ndiyo yenye maduka ya vifaa hivi. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani, baada ya viwanda kuelekeza nguvu kwenye vituo vya akili mnemba. Kwa hiyo kosa la kununua isiyofaa linauma kuliko zamani.

Nenda na laptop yenyewe. Piga picha RAM ya zamani kabla haijatolewa, na uondoke nayo. Ni mali yako na ina mnunuzi. Usiiache mashine kwa fundi urudi jioni, kwani kazi yenyewe ni ya dakika chache: kuzima, kuchomoa betri, kufungua skrubu, kuchomeka. Akiwa ameifungua, mwombe apulize vumbi la feni, maana joto la Dar nalo hupunguza mwendo.

Ikiwaka, rudi pale Memory uone GB zimesoma zote. Kisha cheza mechi nzima hapo hapo kabla ya kumalizia malipo. Kona ya dakika ya 88 ikipigwa bila picha kuganda, mlipe fundi wako urudi Mbagala.