Oili ya giaboksi: gharama ndogo inayolinda mtaji wa pikapu

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wengi wanaponunua pikapu iliyokwishatumika hukagua mambo manne: injini, tairi, bodi na kadi ya gari. Giaboksi husahaulika, hasa ikiwa ni ya otomatiki, kwa kuwa haina klachi ya kukanyaga wala gia ya kukwaruza. Hata hivyo, kwa pikapu iliyokwishatembea kilomita 200,000 na zaidi, giaboksi ndiyo inayoweza kugeuza mtaji kuwa deni kwa siku moja.

Zamani pikapu za mizigo zilikuwa karibu zote za gia za mkono. Siku hizi za otomatiki zimeongezeka sokoni, na pamoja nazo limekuja swali linalowagawa wenye magari na mafundi: gari lililotembea sana bila kubadilishwa oili ya giaboksi, je, libadilishwe sasa au liachwe hivyo hivyo?

Imani ya mtaani

Mtaani husemwa kwamba oili mpya "inaua gia". Wapo wanaotoa ushahidi: fulani alibadilisha oili Jumatatu, Ijumaa gari likagoma kwenda mbele.

Ushahidi huo una kasoro moja. Wengi wa wanaobadilisha oili kwa kuchelewa hufanya hivyo baada ya kuona dalili. Gari linateleza, injini inanguruma bila mwendo kuongezeka, au gia inaingia kwa kishindo. Wakati huo sahani za klachi zilizomo ndani ya giaboksi zimekwishalika. Oili mpya haiwezi kurudisha kilicholika, na giaboksi hufa kwa ugonjwa iliokuwa nao. Lawama huangukia dawa iliyoletwa mwisho.

Kwa gari ambalo bado linabadili gia vizuri, hesabu ni tofauti. Oili ya otomatiki hufanya kazi tatu kwa pamoja: kulainisha, kupoza na kusukuma vifaa vinavyobana klachi. Joto ndilo adui yake mkuu. Kanuni inayotumiwa sana na mafundi ni kwamba ikipita nyuzi 80 hivi za Selsiasi, kila ongezeko la nyuzi kama 10 hupunguza maisha ya oili kwa nusu. Pikapu inayopandisha saruji mlima Kitonga kwenda Iringa, au bidhaa za dukani kutoka Mombo kwenda Lushoto, hulipika oili lake kuliko gari la ofisini lenye kilomita zile zile.

Wapo wauzaji wanaosema oili ya giaboksi za kisasa ni ya maisha. Kampuni ya ZF ya Ujerumani, ambayo giaboksi yake ya gia 8 imefungwa katika pikapu za Volkswagen Amarok, imekuwa ikishauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ifikapo miaka 8. Mtengenezaji akisema hivyo, mwenye gari la mizigo hana sababu ya kungoja zaidi.

Hesabu ya lita

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ukifungua nati ya kumwagia, haitoki oili yote. Sehemu kubwa hubaki ndani ya tokikonveta, kwenye mabomba na kwenye kipoza oili. Tuchukue giaboksi yenye lita 9 ambayo hutoa lita 3 kila inapomwagwa. Ukimwaga na kujaza mara moja, oili mpya ni asilimia 33. Mara ya pili inafika asilimia 56, mara ya tatu 70, na mara ya nne 80.

Kwa gari lililotembea sana, njia hii ya kidogo kidogo ndiyo ya busara. Mwaga, jaza, fanya kazi wiki moja au mbili, kisha rudia. Njia ya kusukuma oili kwa mashine ya presha ni ya haraka, lakini katika giaboksi iliyojaa uchafu wa miaka mingi inaweza kung'oa tope na kulipeleka kwenye vijia vyembamba vya valvu. Hapo ndipo imani ya mtaani inapopata ukweli wake kidogo.

Hesabu ya shilingi

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Msomaji aweke bei za mjini kwake. Tuseme oili ni Sh. 25,000 kwa lita. Mara nne za lita 3 ni lita 12, yaani Sh. 300,000. Filta na gasketi ya sampo ni Sh. 100,000. Fundi alipwe Sh. 20,000 kila mara, jumla Sh. 80,000. Zoezi lote ni Sh. 480,000. Likifanyika kila kilomita 40,000, gharama ni Sh. 12 kwa kilomita.

Upande wa pili, giaboksi iliyotumika pamoja na kufunga tuiweke Sh. 3,000,000. Gari likilala gereji siku 10, na kwa siku lilikuwa linaingiza Sh. 60,000, hasara nyingine ni Sh. 600,000. Jumla ni Sh. 3,600,000, ambayo ni mara saba na nusu ya gharama ya oili. Kwa maana hiyo, mwenye pikapu saba akiokoa giaboksi moja tu, amekwisharudisha fedha ya kuhudumia zote saba. Na hapo hatujahesabu mteja aliyehamia kwa msafirishaji mwingine.

Oili ipi?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Si kila oili nyekundu inafaa kila giaboksi. Toyota hutumia aina kadhaa, zikiwemo T-IV kwa giaboksi za zamani kidogo na WS kwa za karibuni. WS ni nyepesi zaidi na haishiki nafasi ya T-IV. Soma kitabu cha gari, au maandishi yaliyo kwenye kijiti cha kupimia, kabla ya kwenda dukani.

Aidha, oili ya Dexron III, iliyoletwa na General Motors mwaka 1993, ilikoma kupewa leseni na kampuni hiyo mwishoni mwa 2006, nafasi yake ikachukuliwa na Dexron VI. Kopo jipya lenye maneno "Dexron III" linasimama kwa neno la mtengenezaji wa oili, si kwa leseni ya General Motors. Wapo watengenezaji waaminifu, lakini mnunuzi ajue anamwamini nani, na akague kizibo na lakiri ya kopo.

Siku ya kazi

Simamia mwenyewe. Oili inayotoka ipimwe kwa chupa, na ile inayoingia iwe kiasi kile kile. Oili ikipungua, klachi zinateleza. Ikizidi, inatoa povu na kuleta madhara yale yale. Sampo ikifunguliwa, tazama sumaku zilizomo ndani. Tope laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni habari mbaya.

Kwa magari mengi ya Toyota yenye kijiti, kiwango hupimwa gari likiwa limepata moto na limesimama mahali tambarare. Pitisha gia zote, rudisha kwenye P, kisha pima injini ikiwa inaunguruma taratibu. Magari mengi ya karibuni hayana kijiti. Kiwango hupimwa kwa nati ya pembeni oili ikiwa katika joto maalumu. Kazi hiyo apewe fundi mwenye kifaa cha kupima joto, si wa kukisia. Oili chafu isimwagwe mtaroni.

Kwa anayetaka kununua

Oili ni shahidi asiyehongeka. Ikiwa nyekundu au ya waridi, ni njema. Ikiwa ya kahawia lakini hainuki, imezeeka na inaweza kubadilishwa. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi zimelika. Toa bei ya giaboksi kwenye bei ya gari, au ondoka. Ikifanana na maziwa yenye rangi ya waridi, maji ya rejeta yameingia ndani. Gari hilo lisiwashwe tena mpaka litengenezwe.

Kisha weka R, halafu D, mguu ukiwa kwenye breki. Gia isiyoingia ndani ya sekunde mbili hivi ina jambo. Jaribu gari likiwa baridi, na tena baada ya nusu saa barabarani, kwani giaboksi iliyochoka hujificha mpaka ipate moto.

Yachunguzwe pia maneno ya madalali kuhusu asili ya gari. Hilux ya toleo la 2004, maarufu kama Vigo, ilizinduliwa Thailand na haikuuzwa rasmi Japani. Hilux ilirudi soko la Japani mwaka 2017. Anayeambiwa kuwa Vigo yake "ilitumika Japani kwa upole" ana haki ya kuuliza mara ya pili.

Kwa mwenye pikapu yake tayari, ushauri ni mfupi. Kama gia zinabadilika vizuri, anza wiki hii kwa kumwaga mara moja, na andika tarehe na kilomita kwenye daftari. Kama zimeanza kuteleza, usitumie fedha kwenye oili ukitegemea muujiza. Anza kuweka akiba ya giaboksi, na usichukue mzigo wa mbali. Siku ya kuliuza gari, daftari hilo litakusaidia kutetea bei yako.