Mkono wa Birika Baa, Mkono Wazi Nyumbani?

Wikiendi imefika, wewe na mwenzi wako mmeshuka Nyumba ya Mungu, lile bwawa la miaka ya 1960 chini ya milima ya Upare, kula perege wa kukaanga. Mhudumu anauliza: "Toti au bapa?" Wengi tunaamini jibu lako litaonyesha kama wewe ni mtu wa watu au bahili. Kweli?

Tuanze na lugha ya kaunta. Toti ni kile kipimo kidogo cha pombe kali. Isipofika mstarini, utasikia: "Amenipunja!" Ikizidi kidogo, hiyo ni nyongeza, na mhudumu anasifiwa kwa mkono wazi. Bapa ni chupa nyembamba ya kuweka mfukoni. Nairobi wao chupa ya mililita 750 huiita mzinga, wakati Dar kupiga mzinga ni kuomba hela. Kwa hiyo mchumba wa Nairobi akitaja mzinga, usianze kuficha pochi!

Na bahili? Huyo ni mkono wa birika. Watani wetu wamewabandika Wapare jina hilo siku nyingi. Lakini dengelua, pombe yao ya miwa, ni kinywaji cha sherehe na mambo ya ukoo. Majirani zao Wachaga nao hupeleka mbege kwenye posa, na kibuyu huzunguka mkono kwa mkono. Hapo ukarimu ni kumpitishia mwenzako, siyo kumjazia.

Sasa fanya hesabu. Bapa ya mililita 200 yenye kilevi cha asilimia 35 ina mililita 70 za kilevi kitupu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina 25. Yaani bapa moja ni karibu bia tatu! Anayekumiminia "ya kishkaji" bila kupima anakupa ulevi wa haraka, wala si mapenzi.

Udogo wa kipimo nao usikudanganye. Viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilikuwa vidogo na bei yake chee, hadi wanafunzi walivimudu. Serikali ikavipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017.

Kabla hamjakaa, kubalianeni mambo matatu:

• Raundi ngapi, na nani analipa.
• Nani haonji kabisa, ili awarudishe salama hadi Same au Moshi.
• Mmoja akisema "imetosha", hakuna kumwita mshamba.

Dada, ukimwona kaka anamwaga ofa meza nzima huku kodi ya nyumba inamsubiri, usivutiwe haraka. Na wewe kaka, anayekuhimiza uongeze moja tu kila mara hajali kesho yako. Afadhali mwenzi mwenye mkono wa birika kaunta na mkono wazi nyumbani, kuliko kinyume chake!