Unataka Kubonga Kithai? Jichanue Kuhusu Shule Kabla Hujatoa Doo

Kama ulikuwa ukicheki Tony Jaa akirusha magoti kwa Ong-Bak ya 2003, ama umemfuata Lisa wa BLACKPINK hadi akatokea kwa The White Lotus mwaka 2025, Kithai ishakupitia masikioni hata kama hukushika neno. Lakini kuna wasee hawataki kuishia kwa skrini. Mmoja anataka kwenda kunoa Muay Thai, mwingine anataka kufundisha Kingereza, mwingine anafuata biashara ya nguo ama mawe ya thamani Bangkok. Wote wakifika hapo wanagundua kitu kimoja: bila lugha, unaishi Thailand kama mgeni wa kudumu, unalipa bei ya mgeni na unanyamaza kwa kila stori.

So unaanza kutafuta shule. Na hapo ndio noma huanzia. Bangkok na Chiang Mai zimejaa shule za Kithai, kila moja ina picha za wanafunzi wakitabasamu na ticha mpole. Zingine zinauza lugha kweli. Zingine kazi yake kubwa ni kukusaidia kupata visa, lugha ni ya kujazia. Kwa poster zote zinakaa sawa. Hii hapa rada ya kuzitofautisha kabla ganji yako haijatoka kwa mfuko.

Anza na hesabu

Marekani ina taasisi inayofunza wanadiplomasia wake lugha, inaitwa Foreign Service Institute. Kwa hesabu yao, mtu anayejua Kingereza anahitaji wiki 44 za darasa, kama masaa 1,100 hivi, ndio aweze kufanya kazi kwa Kithai. Kiswahili wanakipa wiki 36. Kwa maneno mengine, mzungu anasota zaidi kwa Kithai kuliko kwa lugha yako.

Sasa cheki kozi ya mwaka mmoja ambayo shule nyingi zinauzia watu wanaotaka visa. Mara nyingi ni masaa 4 kwa wiki, ukijumlisha unapata kama masaa 180 hadi 200. Gawanya 1,100 kwa 4. Utahitaji wiki 275, zaidi ya miaka mitano, na hiyo ni kama hujakosa darasa hata siku moja.

Haimaanishi hiyo kozi ni mbaya. Kama una mboka nyingine ama mazoezi asubuhi na jioni, masaa 4 yanaweza kukutosha, bora ujue yanakufikisha wapi: salamu, soko, teksi, chakula. Lakini kama mtu anakuambia kwa hayo masaa utakuwa unabonga fiti ndani ya miezi sita, hizo ni stori za jaba.

Masikio yako yana kazi

Kithai ni lugha ya toni, na toni ziko tano. Sauti inaweza kukaa katikati, kuwa chini, kushuka, kuwa juu ama kupanda. Neno maa likikaa katikati ni "njoo". Likiwa juu ni farasi. Likipanda ni mbwa. Klai ikikaa katikati ni mbali, ikishuka ni karibu. Fikiria umeuliza njia, ukachanganya hizo mbili, halafu uko kwa miguu na jua la Bangkok limeiva.

Hapa Mkenya ana advantage ambayo watu hawaiongelei. Kama nyumbani mnaongea Kikuyu, Kikamba, Dholuo ama Kikalenjin, tayari unatumia toni kila siku bila kujua jina lake. Masikio yako hayaanzii sufuri. Na kama wewe ni wa Pwani, una zawadi nyingine: pumzi. Wazee wa Mombasa na Lamu wanatofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa kutoa pumzi kidogo kwa herufi ya kwanza. Kithai kinafanya hivyo hivyo. Kai bila pumzi ni kuku, khai yenye pumzi ni yai. Ukikosea, agizo lako linafika likiwa limebadilika kabisa.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa shule yoyote ni hili: ticha anasahihisha toni ama anakupigia makofi tu? Kuna maticha wamezoea matamshi ya wageni hadi wanaelewa kila kitu unachosema. Darasani unajiona bingwa. Ukitoka nje, mama wa kuuza wali na kuku anakuangalia kama umeongea Kichina.

Aina za shule utakazokutana nazo

Ya kwanza ni ile ya kusikiliza tu. AUA ya Bangkok ndiyo ilijulikana kwa hii njia, tangu miaka ya 1980, chini ya mtaalamu wa lugha J. Marvin Brown. Maticha wawili wanasimama mbele, wanapiga stori, wanaigiza, wanachora. Wewe huongei, huandiki, hutafsiri. Unakaa hivyo kwa mamia ya masaa hadi Kithai ianze kutoka yenyewe, kama mtoi anavyojifunza. Faida ni masikio makali na matamshi safi. Shida ni uvumilivu. Kama unataka kuomba punguzo la rent wiki ijayo, hii njia itakukasirisha.

Ya pili ni ile ya kukariri na kurudia. Union Language School ya Bangkok, iliyoanza ikihudumia wamishonari, ilitengeneza jina kwa mtindo huu, na shule nyingine nyingi zimeuiga. Darasa dogo, masaa kadhaa kila siku, sentensi zinarudiwa hadi zinakaa kwa ulimi. Unaanza kuongea siku ya kwanza. Lakini ukikosa siku mbili umeachwa, mathree haikungoji.

Ya tatu ni chuo kikuu. Chulalongkorn ina programu ya Kithai ya wageni ambayo imepangwa kwa ngazi, kila ngazi kama wiki 5 na masaa 100, na kazi ya nyumbani si mchezo. Utasoma na watu wanaohitaji Kithai kwa kazi ama utafiti. Chiang Mai kuna Chuo Kikuu cha Payap na taasisi ya lugha ya Chuo Kikuu cha Chiang Mai. Hii ni ya msee ambaye ameweka pesa na muda kando kwa lugha pekee.

Ya nne ni ticha wa kibinafsi, wa uso kwa uso ama mtandaoni. Anakufaa kwa kurekebisha toni, kwa sababu hakuna mahali pa kujificha. Lakini peke yake hakupi visa, na ubora unategemea huyo mtu mmoja.

Kumbuka pia mji wenyewe. Chiang Mai maisha ni nafuu kuliko Bangkok, lakini wenyeji wakiwa wao kwa wao wanaongea Kam Mueang, lugha ya kaskazini. Shule inakufunza Kithai cha kati, kile cha runinga na serikali. Ni kama mtu aje Nairobi akiwa na Kiswahili cha vitabu halafu ashuke Eastleigh ama Kayole. Wataelewana, lakini kuna vitu vitampita.

Uliza kuhusu herufi

Kithai kina konsonanti 44, mbili zikiwa hazitumiki tena. Kila moja ina jina la kitu, na mbili za kwanza ni kuku na yai, wale wale wa juu. Maneno hayatenganishwi kwa nafasi. Ukiona ukurasa mara ya kwanza unaweza kuingia mitini.

Ndio maana shule nyingi zinaanza na herufi za Kirumi. Inasaidia kwa wiki chache, lakini ina mtego. Kila kitabu kina mtindo wake, na macho yako yanasoma kwa mazoea ya Kingereza. Uwanja wa ndege wa Bangkok umeandikwa Suvarnabhumi, lakini wenyewe wanatamka kama Suwannaphum. Phuket inaanza na p yenye pumzi, haina f mahali popote.

Halafu kuna siri hapa: maandishi ya Kithai yanakuonyesha toni. Konsonanti zimegawanywa makundi matatu, kuna alama nne za toni, ukizijumlisha pamoja na urefu wa vokali na vile silabi inavyoisha, unajua neno linaimbwaje. Ukijua kusoma, kila bango la barabarani linakuwa ticha wa bure.

So uliza: kusoma kunaanza lini? Shule ya kusikiliza ikichelewesha herufi, sawa, maana haikupi Kirumi pia. Shule ya pili ikikuambia utaanza baada ya miezi mitatu, unaweza kuvumilia. Ile ya kukuangalia vizuri ni ile inayokuweka kwa Kirumi mwaka mzima. Mwaka ukiisha, hata menyu ya kibandani huwezi kusoma.

Visa: soma hapa polepole

Shule ya lugha iliyosajiliwa na Wizara ya Elimu ya Thailand inaweza kukupa barua za kuombea visa ya masomo, inayoitwa Non-Immigrant ED. Inakuingiza kwa siku 90. Baada ya hapo unaenda ofisi ya uhamiaji kuongeza muda, na kila ombi ni baht 1,900. Baht moja ni kama bob nne, so hiyo ni karibu thao saba na nusu kila mara. Iweke kwa bajeti, kwa sababu shule nyingi hazijumlishi kwa bei ya poster.

Ukitoka nchini bila kibali cha kurudi, ruhusa yako ya kukaa imekufa hapo hapo. Ukikaa siku 90 mfululizo, unaripoti anwani yako. Na afisa anaweza kukuuliza maswali kwa Kithai akitaka kujua kama unasoma ukweli. Hapo ndipo shule ya kuuza visa inakuacha kwa mataa: makaratasi yako safi, mdomo hauna kitu.

La muhimu kabisa: visa ya masomo haikuruhusu kufanya kazi. Kufundisha Kingereza kunahitaji visa yake, Non-Immigrant B, pamoja na kibali cha kazi. Mtu akikuambia "ingia na ya shule, mboka utafanya tu," anakuambia uvunje sheria kwa niaba yake.

Ajenti wa "shule na kazi"

Hii sio ya kutisha watu. Mwaka 2022, Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ilionya vijana kuhusu kazi feki za Thailand. Wengi walikuwa wakipokelewa Bangkok, wanavushwa mpaka hadi Myanmar, wanafungiwa kwa majumba ya utapeli wa mtandaoni. Mapema 2025, Wakenya walikuwa kati ya maelfu ya watu waliotolewa huko, upande wa Myawaddy.

Kwa hivyo ajenti akikupa ofa ya shule, chapa hizi hatua. Andikia shule moja kwa moja, ukitumia mawasiliano uliyoyatafuta mwenyewe, uulize kama inamjua. Lipa kwa akaunti yenye jina la shule, sio ya mtu. Peleka maswali ya visa kwa Ubalozi wa Thailand Nairobi, na maombi yapite kwa mfumo rasmi wa visa ya mtandaoni wa serikali yao. Na shule ya Bangkok haina sababu ya kukutumia gari la kukupeleka Mae Sot, mji ulio mpakani na Myanmar. Ukiskia hilo jina kwa mpango wako wa masomo, kula kona.

Maswali ya kuuliza kabla hujalipa

Omba darasa la majaribio, shule nyingi zinakubali. Ukiwa ndani, hesabu wanafunzi. Angalia ticha anaongea Kithai kiasi gani na Kingereza kiasi gani. Kosea toni makusudi uone kama atakushika. Halafu uliza:

Masaa ni mangapi kwa wiki, na kwa jumla?
Kusoma na kuandika kunaanza wiki ya ngapi?
Nikikosa darasa, nalilipia vipi?
Visa ikikataliwa, pesa inarudi ngapi, na hiyo imeandikwa wapi?
Leseni ya Wizara ya Elimu iko wapi, na ni ya kozi hii?

Shule fiti itajibu bila kukasirika. Ikianza kuzunguka kwa swali la nne, wewe zunguka urudi mlangoni.

Na kabla hata hujaongea na shule yoyote, jipime bure. Kwa YouTube kuna chaneli inaitwa Comprehensible Thai, ya maticha wa ile njia ya kusikiliza. Weka nusu saa kila siku kwa mwezi mmoja, na ujifunze konsonanti mbili kwa siku. Mwezi ukiisha utakuwa na masaa kama 15 kwa masikio na herufi zote 44 kwa kichwa. Ukiona bado una kiu, hiyo shule ya masaa mengi itakufaa, tafuta doo. Ukiona umechoka wiki ya pili, umejua ukiwa kwa keja yako, na hujapoteza hata shilingi.