Askari wa Sinema Hatokwi na Damu

Bila shaka umewahi kumwona askari huyu. Risasi inampiga begani, anakunja uso kidogo, anararua shati na kulifunga jeraha kwa meno na mkono mmoja, kisha anaendelea kufyatua bunduki hadi maadui wote walale chini. Kesho yake yuko mbioni tena, utadhani aliumwa na mbu tu.

Picha za namna hii zimetazamwa kwa miaka mingi katika vibanda vya video vya masoko yetu, kutoka Bokoli na Misikhu hadi Webuye, Bungoma na Kitale. Siku hizi zimo hata ndani ya simu. Kujiburudisha si kosa. Hatari huja pale mtu anapoumia kando ya barabara na vijana waliomzunguka wakafanya yale waliyoyaona kwenye sinema. Huja pia kijana anapokwenda kujiandikisha jeshini akidhani kazi yenyewe ni kama ile ya kwenye kioo. Kwa hivyo ni vyema tutenganishe mchezo na ukweli.

Bega si mahali salama

Watengenezaji wa filamu hupenda kumpiga shujaa wao risasi ya bega au paja kwa sababu watazamaji huamini kwamba hapo hapaui. Ukweli ni kwamba chini ya mfupa wa bega hupita mshipa mkubwa wa damu, pamoja na fungu la neva zinazoendesha mkono mzima. Ncha ya pafu nayo iko karibu. Aliyepigwa hapo anaweza kufa, na akipona huenda mkono usifanye kazi tena.

Paja ni vivyo hivyo. Mtu mzima ana damu ya kiasi cha lita 5 hivi. Mshipa mkuu wa paja ukikatika, anaweza kufa kwa dakika chache tu, kabla hata pikipiki ya kumbeba haijapatikana. Filamu ya Black Hawk Down, iliyotolewa mwaka 2001 kuhusu mapigano ya Mogadishu ya Oktoba 1993, ilisifiwa na kulaumiwa kwa mengi, lakini katika jambo hili ilisema kweli. Inamwonyesha askari aliyekatika mshipa wa paja akifa mikononi mwa wenzake, ingawa mhudumu wa tiba alikuwa papo hapo.

Je, ufanye nini ukimkuta mtu anavuja damu, iwe ni kwa risasi, panga au ajali ya bodaboda kwenye barabara ya Webuye hadi Kitale? Mlaze chini. Chukua kitambaa safi, leso au shati, ukiweke juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu kwa mikono miwili. Usifunuefunue kuchungulia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake uendelee kukandamiza. Iwapo ni mkono au mguu na damu bado inaruka, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa moyoni, mbali na kiungo, kisha ukikaze kwa kijiti hadi damu ikome. Usitumie waya wala kamba nyembamba. Kumbuka saa uliyofunga, uwaambie wauguzi, na usilegeze njiani. Mfunike majeruhi asipate baridi, mkimbize hospitalini, na usimpe chakula wala kinywaji kwa maana huenda akahitaji upasuaji.

Risasi haing'olewi kwa kisu

Katika Rambo III ya mwaka 1988, shujaa anamimina baruti katika tundu la jeraha ubavuni na kuiwasha moto ili kuliziba. Watazamaji walishangilia. Lakini daktari yeyote atakuambia kwamba kufanya hivyo ni kuongeza jeraha la moto juu ya jeraha la awali, huku uchafu na vijidudu vikibaki ndani.

Vilevile, askari wa sinema hupewa tembo kidogo, akauma kipande cha mti, na mwenzake akamchokoa risasi kwa kisu. Risasi inapodondoka kwenye bakuli, mgonjwa amepona! Kwa kweli, madaktari mara nyingi huiacha risasi mwilini ikiwa haileti madhara, kwani kuitafuta kunaweza kuharibu zaidi. Kinachoua ni damu inayopotea, viungo vilivyochanika na uchafu ulioingia. Kwa sababu hiyo, usichomoe kisu, mshale wala chuma kilichokwama mwilini. Huenda ndicho kinachoziba mshipa. Kizungushie vitambaa kisitikisike, umpeleke mgonjwa jinsi alivyo. Na usisahau sindano ya pepopunda.

Kuzirai si usingizi

Jambo jingine ni mlinzi anayepigwa kitako cha bunduki kisogoni, akalala nusu saa, kisha akaamka na kujikuna kichwa. Ubongo hauzimwi na kuwashwa kama taa. Mtu aliyepigwa kichwani akazirai, hata kwa muda mfupi, anapaswa kuonwa na daktari. Akizirai zaidi ya dakika chache, akatapika mara kwa mara, akasinzia kupita kiasi au akaumwa na kichwa kinachozidi, huenda damu inavuja ndani ya fuvu. Mlaze ubavu ili asisakamwe na matapishi, na usimgeuze shingo ovyo.

Masikio nayo husahauliwa. Katika filamu, askari hufyatua risasi mia moja ndani ya chumba kisha wakanong'onezana. Mlio wa bunduki ya kivita hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kudhuru usikivu kwa mlio mmoja tu. Ndiyo maana askari wengi waliostaafu husikia mvumo masikioni mwao mchana na usiku.

Adui asiyeonekana

Hakuna sinema ya mapigano itakayokuonyesha shujaa akiendesha. Hata hivyo, waulize wazee. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, Waingereza waliwachukua wanaume wengi wa Afrika Mashariki kuwa wapagazi. Jina la kikosi hicho, Carrier Corps, limebaki hadi leo katika mitaa ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Takwimu za serikali ya wakati huo zilitaja vifo zaidi ya 40,000, nao wanahistoria wanakadiria karibu 100,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa.

Katika Vita vya Pili, askari wa Afrika Mashariki walipelekwa Burma. Mwaka 1944 walipita katika bonde la Kabaw wakati wa mvua, mahali palipojulikana kwa malaria. Walimezeshwa vidonge vya mepakrini ambavyo viligeuza ngozi kuwa ya manjano. Kwao chandarua, maji yaliyochemshwa na choo kilichochimbwa vyema vilikuwa silaha sawa na bunduki.

Machozi ya Rambo

Sasa tufike kwenye jeraha ambalo halivuji damu. Filamu ya kwanza ya Rambo, First Blood ya mwaka 1982, wengi huikumbuka kwa msitu na bunduki. Wachache hukumbuka kwamba inaishia kwa mwanamume huyo kulia kama mtoto mbele ya mkubwa wake wa zamani, akimsimulia rafiki aliyekufa mikononi mwake. Filamu zilizofuata ziliyasahau machozi hayo zikabakiza misuli.

Hali hiyo madaktari waliipa nafasi rasmi katika orodha ya magonjwa ya akili nchini Marekani mwaka 1980. Mgonjwa huota ndoto za kutisha, hushtuka pikipiki inapolipuka moshi, hukasirika upesi, hujitenga, na mara nyingi hukimbilia pombe. Si woga, wala si kurogwa. Jamii nyingi za Afrika Mashariki zililijua jambo hili zamani, kwani mpiganaji aliyeua hakuingia nyumbani kabla ya kutakaswa na wazee.

Tangu Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia, familia nyingi zimempokea mwana au mume aliyerudi akiwa mzima wa mwili. Zaidi ya hayo, wakazi wa Mlima Elgon na majirani zao walioona vurugu za 2006 hadi 2008 wanaweza kuugua vivyo hivyo bila kuwahi kuvaa magwanda. Ukiona dalili hizi zikiendelea zaidi ya mwezi mmoja, mshauri mhusika aende hospitali. Maradhi haya yana tiba, ya mazungumzo na ya dawa. Msaada wa ushauri hupatikana pia bila malipo kwa kupiga simu 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Mtu akitaja kujiua, usimwache peke yake.

Kwako kijana

Ikiwa unanuia kujiunga na jeshi, nia yako ni njema. Ila fahamu kwamba kuruti anayepelekwa chuo cha mafunzo mjini Eldoret hatapewa bastola mbili na pikipiki siku ya kwanza. Ataamka alfajiri, atakimbia, atafua, atapiga deki, atabeba mzigo mzito hadi miguu iote malengelenge, na atajifunza kutii. Anza kujitunza sasa: meno, macho, miguu na kifua. Achana na sigara na busaa. Na jambo la kwanza la kujifunza, hata usipoandikishwa, liwe ni namna ya kuzuia damu. Ujuzi huo hauhitaji bunduki, na unaweza kumwokoa jirani yako leo jioni.

Wahenga walisema mchezea zuri, baya humfika. Itazame sinema ufurahi, lakini jeraha la kweli lipeleke hospitalini.